Swali Ulilouliza Mara Tatu

Kwako Zaina, mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Nakusalimu kwa ile salamu tunayowapa waliotutangulia tupitapo makaburini, na naitoa polepole kwa kuwa haraka imeniondoka. Tangu tulipokulaza kwa ubavu wa kulia, uso ukielekea kibla, sikukuu zote mbili zimepita nami sijalia. Watu huniona nimekaa kimya, wakasema Mwalimu ana subira. Wanakosea. Hali yangu ni kama mguu uliokaliwa muda mrefu mkekani: upo, unauona, lakini ukiugusa hausemi kitu.

Barua hii siifungi. Naiacha wazi isomwe na mwenye kutaka kuisoma, wa msikitini kwetu na wa parokia jirani, kwa sababu kilichokuondoa hakikuwa siri kwa wote. Kilikuwa siri kwangu, niliyekaa nacho ukuta mmoja. Najua ni wajibu wetu kuwasitiri maiti, wala sikuishika kalamu kabla ya kulipima jambo hilo siku nyingi. Lakini wewe mwenyewe ulinipa idhini, siku ya nne ya uji wetu, ulipoweka kijiko chini ukasema, "Yaya, minyi nikipona, utaambia na bamama bengine. Usifiche." Yaya, ndivyo huku tunavyomwita ndugu mkubwa, na ndivyo ulivyoniita maisha yako yote, isipokuwa siku moja ambayo nitaifikia. Hukupona. Lakini idhini hukuirudisha, nami naitumia.

Nianze mbali, kwa kuwa huko bado nakuona vizuri. Baba alikuja Kamina kutoka Kasongo akiifuata reli, akiuza vitenge na chumvi nyuma ya stesheni, na kila alasiri alitukalisha kwenye mkeka na mbao zetu za kuandikia. Wewe, mdogo kwangu kwa miaka sita, ulihifadhi sura kabla yangu. Nilipokwama kwenye aya uliinamisha kichwa kama unayesoma ubao wako, ukaninong'oneza, "Unipe kipande ya bukari yako, nikuambie." Nami nilikupa. Nusu ya bukari ya utoto wangu, ndio ugali wetu wa huku, iliingia kinywani mwako kwa njia hiyo, na Mama alijua, akacheka, akasema kukutazama unakula ni kushiba. Ulikula kama mtu anayeitikia dua. Sijaona tena mtu anayekula hivyo.

Ulipoolewa na Bwana Salumu, aliyenunua samaki wakavu Bukama na kuwauza hapa kwa magunia, mwili wako ulizidi kukua, na hukuuonea haya. Ulikaa mlangoni pa duka, kando ya mizani kubwa ya magunia, na mchukuzi mmoja wa stesheni hakupita bila kukuchokoza kwa mzaha wa mabehewa: "Mama Zaina, weye peke yako unajaza vago muzima!" Ulimjibu, "Njo maana treni inachelewa, baba. Inaningojea." Soko lilicheka, wewe ukacheka kuliko soko.

Kilichokuumiza ni kiti. Magoti yalikataa kukubeba, moyo ukawa unakwenda mbio kwa hatua chache, na ukalazimika kuswali umekaa. Nilikueleza kwamba hiyo ni ruhusa, haina upungufu wa thawabu. Ulinisikiliza hadi mwisho, kisha ukasema, "Kitabu inaruhusu, Yaya. Moyo yangu njo inakatala. Nataka mbele ya kufa, paji yangu iguse tena chini." Kwa ajili ya neno hilo Bwana Salumu alikupeleka Ubelgiji, katika miaka ile ambayo ndege zilikuwa bado zinapanda na watu wa biashara bado wanarudi. Hukwenda kutafuta uzuri. Naliandika hili kwa sababu kuna waliosema hivyo, na walikudhulumu.

Madaktari wa huko waliziba sehemu kubwa ya tumbo lako, wakakuachia kifuko cha juu kadiri ya kikombe cha kahawa. Ulikaa kwa shemeji zako karibu mwaka mzima. Siku ya kurudi, mke wangu Mama Saidi alikupita stesheni akiendelea kukutafuta, ukamvuta wifi yako kitenge: "Mulamu, unatafuta nani? Ule munene nilimuacha Bulaya. Anakusalimia." Alasiri ile mliswali nyuma yangu, ninyi wawili. Nilipotoa salamu na kugeuka, nilikukuta bado umesujudu. Nikangoja. Nikangoja tena. "Zaina," nikasema, "tumekwisha." Ukanijibu bila kuinua kichwa: "Nyiye mumekwisha. Minyi sasa njo naanza."

Siku hiyo hiyo ulinikabidhi karatasi ya madaktari nikuwekee mahali salama. Ilikuwa ya Kifaransa, na Kifaransa changu ni cha kusomea majina ya stesheni. Niliitia sandukuni, ndani ya kitabu cha fiqhi kilichokuwa juu, nacho kilikuwa kimefunguka kwenye mlango wa saumu. Ikakaa humo kama alama ya ukurasa.

Mara ya kwanza ulikuja na swali Ramadani iliyofuata. Bukari ilikuwa inakukwama. Kila mtu nyumbani alijua hivyo, na wewe ulifanya mzaha kwamba tumbo lako sasa limesoma Ulaya, halikubali tonge la Kamina. Ulikaa mlangoni mwa chumba changu cha vitabu ukasema, "Yaya, iko mutu moja anauliza. Amekula daku, kisha alfajiri inaingia, chakula inarudia, inatoka. Saumu yake inakufa?"

Hapa lazima nieleze nilivyofundishwa. Aliyenisomesha aliniusia kwamba muulizaji akija na "mtu mmoja", mwenye fatwa asimtafute mtu huyo. Ajibu swali, amsitiri mwenye swali. Nimeishika adabu hiyo kwa miaka arobaini nikiihesabu kuwa ni upole. Kwa hiyo nilifungua kitabu, nikaisogeza karatasi yako pembeni nipate kusoma, na nikakujibu kwa lugha ya vitabu ambayo sikuitumia nawe kwa jambo lingine lolote: "Ikiwa matapishi yamemshinda, saumu yake ni sahihi, wala hana cha kulipa." Ulifurahi. Jibu lilikuwa sawa, na siku ile lilikuwa la kweli pia, kwa maana yalikuwa yanakushinda.

Kisha vita vikaja. Kwanza askari wa zamani walikimbia na wapya wakaingia, tukadhani yamekwisha. Vita vya pili vilikata nchi vipande viwili, na Bwana Salumu, aliyekuwa amekwenda Kindu kumzika shangazi yake, akabaki upande wa pili. Hapakuwa na barua wala simu wala mtu wa kutuma. Ulifunga duka, ukahamia kwetu, chumba cha uani. Magari ya moshi yalibeba askari, hospitali ikajaa majeruhi, na watu wa Malemba-Nkulu waliokimbia walilala kwenye madarasa. Madaktari wako walikuwa wamekutaka urudi kwao kila mwaka wakutazame. Neno hilo lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi, lakini nani angelisoma, na ungerudi kwa njia gani? Mji mzima ulikonda. Katika mji uliokonda, nani atamshangaa aliyekonda?

Sasa nataja nilivyoviona, kimoja kimoja, kwa kuwa niliviona vyote.

Niliona unakata kiazi vipande vidogo kama punje, ukivipanga ukingoni mwa sahani na kuvipanga upya. Niliona nywele kwenye kitana chako, na kwamba ulijifunika shali mchana wa jua. Niliona uso wako umevimba chini ya masikio wakati shingo imekwisha, nikamwambia Mama Saidi kwa furaha, "Tazama, mashavu yanarudi." Niliona unachukua ufunguo wa duka kila asubuhi baada ya kuswali, duka ambalo halikuwa na hata samaki mmoja, nikadhani unamkumbuka mumeo. Ulikuwa unakwenda kupanda mizani ya magunia. Mizani niliyokuwa nikikufundisha tangu utoto ni ile ya Siku ya Malipo. Sikujua kwamba ulikuwa umejipatia nyingine, ya kila siku, isiyosamehe.

Na niliona kidonda kwenye mkono wako wa kulia, juu ya vifundo vya vidole viwili, kile cha shahada na kile cha kati. Kilipona, kikarudi, kikaacha gamba jeusi. Nilisema moyoni: masufuria. Mwanamke asiyechoka.

Mara ya pili ulikuja wakati huo. "Yaya, ule mutu moja anauliza tena." Nikatabasamu, nikafungua kitabu, nikaisogeza karatasi. "Haikumushinda. Alitia kidole, akayaita." Nikasema, "Huyo ameivunja saumu yake kwa hiari. Atubu, na siku hiyo ailipe." Ukauliza: "Na akilipa, kisha siku ya kulipa akafanya vile tena?" Nikasema, "Nayo ailipe."

Zaina, nilikufunga kamba kwa mikono yangu, tena nikaikaza. Kila siku uliyoilipa iliharibika alfajiri, na kila iliyoharibika ilizaa nyingine. Ukawa unafunga mwezi hadi mwezi. Ugonjwa uliokuwa unakutafutia sababu ya kutokula ulipewa sababu njema kuliko zote, na aliyekupa ni mimi. Kisha nikakusifu. Alhamisi moja, katika darasa la akina mama, nilisema mbele yao, "Mtazameni Zaina. Vita havikumzuia kulipa haki ya Mola wake." Uliinamisha kichwa. Nilidhani ni haya ya mcha Mungu.

Aliyeona na akajua kuwa ameona ni Mama Saidi. Alinijia baada ya adhuhuri, amejifuta mikono kwenye kitenge, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, dada yako anatafuna nyama, kisha anaitema mu kitambaa. Na siku anakula kabisa, anakula mbio, sawa mutu anaiba. Kisha anabeba ndoo ya maji, anakwenda nyuma ya choo. Kila siku, Mwalimu. Kila siku." Nilimkemea. Nilimwambia kwamba amesengenya, na kwamba kumsengenya aliyefunga ni vibaya zaidi. Nikamtaka aje kwako akuombe msamaha. Alikuja, mwanamke yule mwema, akapiga goti mbele yako. Nawe ulimwinua haraka ukisema, "Hapana, mulamu, simama. Haukukosea kitu." Nilisikia maneno hayo nikiwa kizingitini. Hata hayo niliyahesabu kuwa ni ukarimu wako.

Mara ya tatu hukukaa. Ulisimama, mkono mmoja umeshika fremu ya mlango. "Na kama ule mutu anataka kuacha, na mukono inakatala?" Ulisema *mkono*. Nilisikia neno hilo likanipita. Nikajibu bila hata kufungua kitabu: "Adumu kulipa, na azidishe dua. Rehema ya Mungu ni pana." Ukatikisa kichwa kukubali. "Aksanti, Mwalimu," ukasema. Ndiyo siku ile niliyoitaja. Hukuniita Yaya, nami nilitambua kwamba hukuniita hivyo, kisha nikaendelea na kazi yangu.

Wiki mbili baadaye ulianguka dukani. Aliyekuokota ni Mama Monga, jirani wa mbele ya duka, Mluba, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, aliyekuwa muuguzi kwa miaka mingi kabla macho hayajamchosha. Alikukuta umelala juu ya sahani ya mizani. Alikuleta nyumbani kwa mkokoteni, akakulaza, akanitaka nikae. Nilidhani ataniuliza habari za chakula chetu, nikajiandaa kusema ukweli wa uchache wake.

"Mwalimu," akasema, "weye unafikiri hii njo nini?"

"Njaa ya vita," nikasema. "Na kufunga sana."

"Njaa ya vita naijua, iko mu kila nyumba. Mutu wa njaa ya vita ukimupa uji, anaangalia uji. Huyu nimemupa uji, anaangalia mulango."

Akakushika mkono, akaugeuza, akaniletea karibu vifundo vile viwili. "Hii ni meno."

"Nani amemuuma?" nikauliza. Ndivyo nilivyouliza, mimi niliyesomesha watu miaka arobaini.

Hakunicheka. Akafungua kinywa chake, akapeleka vidole vyake viwili hadi kooni bila kugusa, akanionyesha mahali meno ya juu yanapokutana na vifundo. Kisha akakufungua kinywa wewe kwa upole, akanionyesha meno yako, ncha zake zimelika na kuwa nyembamba kama ukucha. Akagusa uvimbe chini ya masikio yako. "Haya si mashavu. Ni matezi. Yanafura ju ya kutapika." Akasema kwamba zamani, kwenye shule ya bweni ya masista, aliwahi kumwuguza msichana wa namna hiyo, mtoto wa watu wenye mali. "Alianza na Kwaresima. Batu bote banamusifu, wanasema mutoto huyu ana imani. Kwaresima ikaisha, yeye hakuisha."

Ndipo akauliza swali lake. "Mwalimu, niambie kitu moja, ni ya maana. Haya matapiko yanamushinda, ao anayaita?"

Alikuwa ameuliza neno kwa neno kilichomo kitabuni mwangu. Karne nyingi wenye elimu yetu wamelitenga jambo hilo sehemu mbili, yanayomshinda mtu na anayoyaita, na mimi nililijua kama ninavyolijua jina langu, na nililitumia kupima saumu, sikulitumia hata mara moja kukupima wewe.

Niliinuka, nikaleta karatasi. Mama Monga aliisoma karibu na dirisha, ameiweka mbali na macho yake. Ilisema kwamba kutapika kwa siku za mwanzo si ajabu, kwa kuwa tumbo linajifunza. Ilisema kwamba kutapika kukidumu, au mgonjwa akianza kukiogopa chakula, au akila kwa kujificha, au akifurahia kupungua kuliko inavyofaa, asiachwe peke yake, na arudishwe kwa waliomtibu bila kukawia. Kwa maana kisu kinapunguza tumbo, hakigusi kilicho kichwani. Mama Monga aliikunja karatasi kwa mikunjo ile ile ya zamani. "Hii ilikuwa wapi?" akaniuliza. Nikamwambia ilikuwa wapi.

Alipotoka nilikuja kitandani kwako. Nikasema kwa Kiswahili cha nyumbani, si cha vitabu: "Zaina. Ule mutu moja. Ni weye?"

Ulinitazama kwa mshangao wa kweli. "Yaya," ukasema, "minyi nilifikiri unajua. Nilifikiri unanisitiri."

Nimeandika ukurasa huu mara nyingi, na kila nikifika hapa natazama kama nitahisi kitu. Naandika tu kwamba ulisema hivyo.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kwanza ya Ramadani. Nilikuharamishia kufunga. Nilikwambia hakuna siku hata moja unayodaiwa, ya nyuma wala ya mbele, na kwamba ibada yako ya mwezi huu ni kula na kukiacha chakula kikae. Mama Monga ndiye aliyepanga: uji mwembamba wa mahindi wenye karanga zilizosagwa, ndizi iliyopondwa, kidogo kidogo mara nyingi, na baada ya kila mlo saa nzima mtu akae nawe, msizungumzie chakula, usiende uani. Ufunguo wa duka alikwenda nao yeye. Hospitali haikuwa na dawa ya maji ya kutia mshipani, yote ilikuwa ya majeruhi. Alikwenda kuomba mara tatu, akarudi mikono mitupu, akatuonyesha namna ya kuchanganya sukari na chumvi.

Mlo wa adhuhuri niliuchukua mimi. Nilikukalisha barazani, mahali pa wazi, nikakaa karibu nawe nimefunga, na wewe ukila. Nilitaka watu waone ni mimi niliyeamuru. Siku ya pili alipita yule mchukuzi wa stesheni, akasimama na mzigo wake kichwani. "Mwalimu! Kwenu Ramadani imekwisha?" Kabla sijajibu, ukasema kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu duka lifungwe, "Baba, yetu inaanza saa sita mchana. Weye unachelewa sawa treni." Akacheka hadi mzigo ukataka kuanguka. Nawe ulicheka. Kisha mkono wako wa kulia ulianza kupanda wenyewe kutoka pajani, nikauweka ndani ya mikono yangu, tukakaa hivyo saa nzima. Ukanisomea sura zile ulizoniuzia kwa bukari. Ulikuwa huzikosei.

Uliomba uletewe na kile kiti chako cha kuswalia. Miguu haikuweza tena kukuinua kutoka chini. Nilidhani utalia kukiona. Ulikivuta, ukakifuta vumbi, ukasema, "Kiti ni yangu tena," ukaswali.

Ilikuwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na moja ulimaliza bakuli lote, ukalionyesha ndani kama ulivyokuwa ukimwonyesha Mama. Tulikaa saa yetu. Nilisimama kuswali alasiri, wewe ukiwa kwenye kiti nyuma yangu, na nilipotoa salamu na kugeuka, kichwa chako kilikuwa kimeinama. Nikangoja, kwa kuwa ulikuwa na mazoea ya kukawia. Nikasema, "Zaina, tumekwisha." Nikasema tena.

Mama Monga alisema moyo ulikuwa umekwisha kuchoka kabla ya uji. Kwamba kutapika kwa muda mrefu kunaondoa chumvi ambayo moyo unaitegemea. Kwamba tungeanza miezi sita nyuma, pengine. Alisema "pengine" mara mbili, kwa huruma. Mama Saidi ndiye aliyekuosha. Aliniambia paji lako lilikuwa na alama ya sijida na mkono wako alama ya meno, na kwamba alizifunika zote kwa sanda moja. Nilimwomba msamaha kwa ule msamaha niliomtaka aje kukuomba. Akasema, "Minyi nilikwisha samehe, Mwalimu. Lakini siku ile ungeniuliza: unaona nini ingine?"

Wazee wa msikiti walikuja kuuliza kwa heshima siku ngapi za saumu ulizoziacha, ili wagawane kukulipia. Nikawaambia hudaiwi hata moja. Wakafurahi, wakadhani ulizimaliza. Nikawaketisha nikawaeleza kwa nini hudaiwi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoyasema haya kwa kinywa. Mumeo bado yuko ng'ambo ya vita. Njia ikifunguka, nitamweleza mwenyewe, sitamtuma mtu.

Tangu siku hiyo nakaa, nasomesha, nakula ninachopewa. Nimekwambia habari za mguu.

Juzi alikuja mtu baada ya swala, mwanamume wa makamo, fundi wa baiskeli, akakaa mlangoni pale pale. "Mwalimu, iko mutu moja anauliza. Anatapika tangu juzi..." Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya kitabu. Nikauondoa. Nikavunja adabu ya miaka arobaini. Nikasema, "Ni nani?"

Akashtuka. "Ni minyi, Mwalimu."

Nikamvuta mkono wa kulia, nikautazama vifundo vyake, kimoja baada ya kingine, kwenye mwanga. Vilikuwa na mafuta ya cheni, basi. "Mwalimu," akasema akicheka kwa wasiwasi, "unatafuta pete?" Nikamwuliza anakula nini, na anakula na nani, na akimaliza anakwenda wapi. Akanijibu yote. Alikuwa na homa, macho ya njano, viungo vinamwuma. Ilikuwa malaria, Zaina. Malaria tu. Nilimpeleka kwa Mama Monga mimi mwenyewe, nikiwa nimemshika mkono barabarani kama mtoto, naye akijitahidi kuutoa kwa kuwaonea watu haya. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya malaria. Na niliporudi nikakaa mkekani, ule mguu niliokwambia uliniuma kidogo.

Lala salama, mdogo wangu, mahali ambapo paji lako limegusa chini na hakuna anayekuharakisha kuliinua. Kila wakija na "mtu mmoja", nitamtafuta.

Ni mimi, yaya yako, niliyekujibu mara tatu.